Aliyezimia Mlaze Ubavu

Ndugu msomaji, mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya mtu aliyezimia. Kumsaidia mtu huyo si kazi ya daktari peke yake. Ni kazi ya mtu yeyote aliye karibu. Kazi yenyewe haihitaji dawa. Haihitaji sindano. Haihitaji fedha. Inahitaji mikono yako miwili, na kujua namna.

Tuseme umetoka shambani jioni. Unapita njia ya kisimani. Unamkuta jirani yako amelala chali kando ya njia. Baiskeli yake iko pembeni. Unamwita, haitiki. Watu wanakuja mbio. Mmoja anasema, "Leteni maji tummwagie." Wa pili anasema, "Mkalisheni, mpeni maji anywe." Wa tatu anasimama mbali na kusema, "Msimguse, huyo ana kifafa." Wakati wanabishana, jirani yako anakoroma. Koo lake linatoa sauti ya maji maji. Baada ya dakika chache kukoroma kunakwisha. Watu wanasema, "Afadhali, sasa ametulia."

Hakutulia. Amekosa hewa.

Huenda kuanguka kwenyewe kusingemwua. Huenda angeamka baada ya robo saa, akauliza, "Nini kimetokea?" Lakini alilala chali, na watu kumi walikuwa wamemzunguka.

Kwa nini kulala chali ni hatari

Wewe unalala chali kila usiku na hupati dhara. Kwa nini basi aliyezimia apate dhara?

Mtu aliyelala usingizi bado analindwa na mwili wake. Mate yakiingia mahali pabaya, anakohoa. Akitaka kutapika, anaamka. Mtu aliyezimia halindwi hivyo. Nyama za mwili wake zimelegea zote. Ulimi nao ni nyama. Akilala chali, ulimi ulegeao huanguka nyuma, ukaziba koo. Ile sauti ya kukoroma unayoisikia ni sauti ya hewa inayojipenyeza kwa shida.

Watu wengine husema kwamba mtu huyo "amemeza ulimi". Hilo si kweli. Ulimi umeshikwa chini ya kinywa, hauwezi kumezwa. Umerudi nyuma tu. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuvuta kwa vidole, wala kuukandamiza kwa kijiko.

Hatari ya pili ni matapishi. Mtu aliyezimia anaweza kutapika bila kelele na bila kujikaza. Chakula, pombe au damu hupanda polepole kutoka tumboni hadi kooni. Akiwa chali, koo lake ni kama kikombe kilichosimama. Hujaa. Kinachojaa hakina pa kwenda ila kwenye mapafu. Tena maji ya tumboni ni makali. Yakiingia mapafuni huyaunguza. Mtu anaweza kupona siku ile, kisha akaugua vibaya mapafu siku zinazofuata.

Sasa chukua kile kikombe, kilaze ubavu. Maji yote yanamwagika nje. Hiyo ndiyo siri yote ya somo letu. Mtu akilala ubavu, ulimi huanguka mbele badala ya nyuma. Matapishi na mate hutoka kwa pembe ya mdomo, yakamwagika chini.

Jambo hili limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1891 daktari mmoja wa Uingereza, Robert Bowles, aliandika juu ya wagonjwa wa kiharusi waliokuwa wakikoroma vibaya. Aliona kwamba kumgeuza mgonjwa ubavu peke yake kuliondoa ule mkoromo. Leo watu wanaojifunza huduma ya kwanza popote duniani hufundishwa mlalo huo.

Kwanza tazama kama anapumua

Kabla hujamgusa, tazama mahali penyewe. Kama waya wa umeme umeanguka karibu naye, usimguse mpaka umeme uzimwe. Kama ameangukia motoni, mtoe motoni. Kama amezimia chumbani penye jiko la mkaa, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu. Kama amezimia ndani ya kisima au shimo, usiruke ukamfuata. Hewa mbaya iliyomwangusha yeye itakuangusha na wewe, na kijiji kitazika wawili.

Mkiwa mahali salama, piga magoti karibu naye. Mguse mabega kwa nguvu kidogo. Mwite kwa sauti: "Ndugu, unanisikia? Fumbua macho!" Akijibu, hata kwa kuguna au kukushika mkono, si mtu wa kumfanyia kila tunachoeleza hapa chini. Asipojibu, piga kelele watu waje. Mtu mmoja atumwe kutafuta gari au kumpigia simu mganga wa zahanati. Wewe usiondoke.

Sasa weka kiganja chako juu ya kipaji chake cha uso. Weka vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu. Inua kidevu, kichwa kirudi nyuma polepole. Kwa kufanya hivyo ulimi unaachana na koo. Inama, sikio lako liwe karibu na mdomo wake, na macho yako yatazame kifua chake. Je, kifua kinapanda na kushuka? Je, unasikia pumzi? Je, shavu lako linahisi hewa? Hesabu polepole moja hadi kumi. Usizidishe.

Angalia sana hapa. Kuna watu ambao hutweta mara moja moja, kama samaki aliyetolewa majini. Huko si kupumua. Mtu wa namna hiyo, pamoja na yule asiyepumua kabisa, moyo wake umesimama au u karibu kusimama. Kumlaza ubavu hakutamfaa. Yeye alazwe chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua chake, weka na cha pili juu yake, nyosha mikono, bonyeza kwa nguvu na upesi. Kifua kizame sentimita 5 hadi 6. Kiache kipande juu, bonyeza tena. Bonyeza mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Aliyefundishwa kupuliza pumzi mdomoni hupuliza mara 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Usiyefundishwa, bonyeza tu, bila kuacha. Ukichoka baada ya dakika mbili, mwenzako akupokee.

Lakini watu wengi wanaozimia vijijini kwetu wanapumua. Ana homa kali ya malaria iliyopanda kichwani. Ana kifafa. Ana kisukari. Ameanguka kutoka juu ya mwembe. Amekunywa pombe kupita kiasi. Kama anapumua vizuri lakini haamki, mlaze ubavu sasa hivi, usingoje.

Namna ya kumlaza

Soma sehemu hii polepole. Ikiwezekana isome mara mbili.

Mtu amelala chali. Wewe umepiga magoti kando yake, karibu na kiuno. Kama amevaa miwani, mvue. Kama mfukoni mna kisu au funguo, vitoe. Nyosha miguu yake miwili.

Mikono yake tutaiita mkono wa karibu na mkono wa mbali. Mkono wa karibu ni ule ulio upande wako. Uchukue, uutoe nje ya mwili wake kutoka begani, kisha ukunje kiwiko. Kiganja kitazame juu. Unaonekana kama mkono wa mtoto wa shule anayenyoosha mkono kumwuliza mwalimu. Mkono huu ukikaa hivyo hautamzuia anapogeuka, wala hautalaliwa.

Sasa chukua mkono wa mbali. Upitishe juu ya kifua, uje upande wako. Mgongo wa kiganja chake uuweke kwenye shavu lake lililo upande wako. Ushike hapohapo, usiuache. Kiganja hicho ndicho mto wake. Kitalinda uso wake usigonge chini anapogeuka.

Mkono wako mwingine bado haujapata kazi. Upeleke kwenye mguu wake wa mbali. Ushike juu kidogo ya goti, uvute goti lipande juu. Wayo wa mguu ubaki umekanyaga chini. Sasa goti limesimama kama paa la nyumba.

Umefika penye kugeuza. Mkono mmoja umeshika kiganja chake shavuni. Mkono mwingine umeshika goti. Livute goti kuja kwako. Usivute bega, vuta goti. Mwili wote utafuata. Utashangaa jinsi ilivyo rahisi. Lile goti ni kama mpini wa jembe, nguvu ndogo inafanya kazi kubwa. Kwa njia hii mwanamke mwembamba anaweza kumgeuza mwanamume mnene peke yake. Na mtoto mkubwa wa shule ya msingi anaweza kumgeuza baba yake.

Amegeuka. Amelala ubavu, anakutazama. Tengeneza mguu wa juu: paja litoke mbele ya mwili, na goti likunjwe, kama mtu anayepanda ngazi. Mguu huo ni kigingi. Unamzuia asigeuke kifudifudi, maana kifudifudi nako kifua kinabanwa.

Halafu rudi kichwani. Watu wengi husahau hapa. Rudisha kichwa nyuma kidogo tena, kidevu kiinuke. Kiganja chake kiwe chini ya shavu kuyashika hayo yote yasisogee. Mdomo uelekee chini ili chochote kilichomo kitoke. Inama tena usikilize pumzi. Kama mlivyomsikia akikoroma mwanzo, sasa mtasikia pumzi laini. Mfunike kanga au blanketi.

Usiweke mto chini ya kichwa cha mtu aliyezimia akiwa chali. Huu ni wema unaodhuru. Watu wanakunja kanga vizuri, wanamwekea chini ya kisogo ili apumzike. Kidevu kinashuka kifuani, koo linakunjika kama mpira wa maji uliokunjwa, hewa haipiti.

Akikaa ubavu mmoja kwa nusu saa na gari halijafika, mgeuze alalie ubavu wa pili. Mkono uliolaliwa muda mrefu hukosa damu. Na kwa muda wote huo mtu mmoja akae naye, amtazame kifua. Si kumlaza na kwenda zako. Pumzi ikikoma, mrudisheni chali upesi, mbonyeze kifua kama tulivyoeleza.

Yule aliyeanguka kutoka juu

Huenda utauliza: Je, mkwezi aliyeanguka kutoka juu ya mnazi? Je, kijana wa bodaboda aliyegongana na lori? Hatukuambiwa tusimsogeze mtu wa namna hiyo, shingo isije ikavunjika?

Mliambiwa vema. Mtu huyo asikalishwe, asivutwe kwa mikono, asitingishwe. Kama anapumua vizuri, na kooni hamna damu wala matapishi, aachwe alivyo. Mmoja wenu apige magoti nyuma ya kichwa chake, akishike kwa mikono miwili kisigeuke upande wowote, mpaka msaada ufike.

Lakini akianza kutapika, au damu ikijaa mdomoni, au pumzi ikawa ya kukwama, lazima ageuzwe. Mkiwa wanne, mgeuzeni pamoja kama gogo. Mmoja ashike kichwa, yeye ndiye anayetoa amri. Wengine washike bega, kiuno na miguu. "Moja, mbili, tatu," mnamgeuza mara moja, kichwa na mgongo vikiwa katika mstari mmoja. Ukiwa peke yako, mgeuze vilevile, kwa uangalifu uwezavyo. Shingo ni jambo zito. Lakini mtu asiyepata hewa hufa kwa dakika chache, na shingo nzima haitamfaa kitu.

Mwenye kifafa

Hapa tutakaa kidogo, maana pana hofu ya siku nyingi.

Katika Wilaya ya Ulanga, Mkoa wa Morogoro, kuna mji wa Mahenge. Milima ya huko ina watu wengi wenye kifafa. Karibu mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke aliyezaliwa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Alikuta watu wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameangukia mafigani. Wengine waliachwa motoni kwa sababu watu waliogopa kuwagusa. Iliaminika kwamba mate na povu la mwenye kifafa huambukiza.

Ndugu msomaji, kifafa hakiambukizwi kwa mate. Hakiambukizwi kwa povu, kwa mkojo, wala kwa kumshika mgonjwa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Kinaletwa na mambo mengi: kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria kali utotoni, kuumia kichwa, mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia ubongoni. Huko Mahenge wataalamu wameona kwamba kina uhusiano na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa mitoni. Dawa za kifafa zipo. Ni vidonge vya kumeza kila siku, na wengi wanaovimeza bila kukosa hawaanguki tena.

Mtu akianza kutupatupa miguu na mikono, usimkamate kwa nguvu. Kumkamata hakuuzuii mshtuko, na unaweza kumvunja mfupa. Ondoa jiwe, ondoa sufuria ya moto, ondoa panga. Weka kitu laini chini ya kichwa chake kwa wakati huu tu, asijigonge. Legeza nguo ya shingoni. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Meno yatavunjika, au kidole chako kitakatika. Tazama saa, au hesabu.

Mara nyingi mshtuko hukoma wenyewe baada ya dakika mbili au tatu. Ukikoma, mgonjwa analegea na kulala kama aliyekufa. Huu ndio wakati wa kazi yako. Ondoa ile nguo ya chini ya kichwa, mlaze ubavu kama ulivyosoma. Povu litoke. Akiamka atakuwa amepotewa na mawazo, na pengine amejikojolea. Mfunike kanga, uwafukuze watoto wanaotazama. Mtu huyo ana aibu ya kutosha.

Mshtuko ukizidi dakika tano, au ukirudi kabla hajaamka, au kama ndiyo mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali.

Mama mjamzito akipatwa na mshtuko, hata kama ni mara moja na kwa muda mfupi, huo unaweza kuwa kifafa cha mimba. Kinaua mama na mtoto. Kinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Mara nyingi hutanguliwa na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, na uso kuvimba. Mama huyo alazwe ubavu wa kushoto. Tunasema wa kushoto kwa sababu mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni hupita upande wa kulia wa uti wa mgongo, na tumbo zito likiulalia damu haipandi. Katika Tanzania piga namba 115. Ni namba ya mpango wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Simu hiyo hailipiwi.

Mtoto mwenye degedege naye alazwe ubavu. Kumfukiza moshi kunampunguzia hewa ambayo tayari ni chache. Mvue nguo nzito, mpeleke zahanati siku ileile, maana malaria ya kichwa haingoji kesho. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja mshike mkononi mwako, amelala ubavu, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu, ili kinachotoka mdomoni kisirudi.

Mlevi

Kilabuni tunacheka sana. Mtu akinywa mpaka akaanguka, wenzake humburuta pembeni, wakamlaza chali chini ya mti. "Mwacheni alale, pombe itamtoka." Asubuhi mke wake anakuja kumwamsha.

Mlevi asiyeamka ukimwita na kumtikisa si mtu aliyelala. Ni mtu aliyezimia. Tumbo lake limejaa, na kutapika kwake ni karibu sana. Hakuna mtu anayehitaji kulazwa ubavu kuliko yeye. Mlaze, mfunike asipate baridi, na mmoja wenu abaki naye. Kahawa, maziwa au maji ya limau asipewe. Mtu yeyote aliyezimia asipewe kitu chochote kwa mdomo. Na kama mwili wake umekuwa wa baridi, au anapumua kwa kukawia sana, huyo ni mgonjwa wa hospitali. Msione haya kumpeleka.

Aliyekunywa dawa ya wadudu ya shambani, kwa bahati mbaya au kwa huzuni, naye alazwe ubavu. Ila jihadhari na matapishi yake, yasikuingie mikononi. Usipulize pumzi mdomoni mwake. Chukueni na chupa au karatasi ya dawa ile, mganga aisome.

Safari ya zahanati

Hapa ndipo wengi waliolazwa vizuri huharibiwa. Pikipiki inakuja. Mgonjwa anakalishwa katikati, dereva mbele, ndugu nyuma anamshikilia. Kichwa kinaning'inia kifuani. Barabara ina mashimo. Wanakwenda kilomita 10 hivyo, na wanapofika mganga anawaambia kwamba mgonjwa wenu amekwisha fariki.

Mtu aliyezimia asisafiri amekaa. Tafuteni chombo anachoweza kulala: gari la mizigo, bajaji ya mizigo, mkokoteni wa ng'ombe. Kama hakuna, kitanda cha kamba kinabebwa na watu wanne. Hata blanketi imara lililofungwa kwenye miti miwili ni machela. Mlazeni ubavu juu yake. Mtu mmoja atembee upande wa uso wake, asiwe na kazi nyingine ila kutazama pumzi. Mgongoni pa mgonjwa wekeni nguo iliyokunjwa, asirudi chali njia ikiteremka.

Mkifika mtaulizwa maswali. Ameanguka saa ngapi? Alianza kutupatupa upande mmoja au pande zote? Mshtuko ulichukua muda gani? Anatumia dawa gani? Alikuwa na homa? Alikula nini? Aliyeona mwanzo wa jambo ndiye aende na mgonjwa, hata kama si ndugu yake. Mara nyingi tunapeleka shangazi na wajomba watano, na aliyeona anabaki kijijini.

Jifunzeni nyumbani

Kusoma peke yake hakutoshi kwa somo hili. Leo jioni tandikeni mkeka. Mmoja wenu alale chali, ajilegeze, asisaidie. Mwingine asome kwa sauti sehemu inayosema "Namna ya kumlaza", mstari kwa mstari. Wa tatu afanye kama anavyosomewa. Msomaji asiende mbio. Angoje mpaka mkono umekaa mahali pake, ndipo asome mstari unaofuata.

Mkimaliza, mwulize aliyelala: Je, kichwa chako kiko sawa? Je, ukitema mate yanatoka nje au yanarudi? Kisha badilishaneni. Aliyelala asome. Aliyesoma ageuze. Fanyeni kwa upande wa kulia, halafu kwa upande wa kushoto, kwa sababu hamjui mtamkuta ameanguka upande gani wa ukuta. Waacheni na watoto wajaribu. Watacheka kidogo, lakini watakumbuka.

Mwezi ujao, katika ukurasa huuhuu, tutaeleza namna ya kuufunga mguu uliovunjika kwa vijiti na vipande vya kanga.